Rangi Iliyokaa Gizani

Ukiingia kwenye duka la vifaa vya ujenzi la Misumari, mtu wa kwanza kukupokea si Misumari mwenyewe. Ni Mama Rangi, amekaa kwenye kigoda nyuma ya makopo, aproni yake imebeba madoa ya kila nyumba ya mtaa ule, na kabla hujafungua kinywa ameshakuuliza: "Umeleta kipande?"

Kipande kwake kilikuwa ndiyo sheria ya kwanza na ya mwisho. Unataka rangi kama ya ukuta wako wa zamani? Leta kipande cha plasta kilichobanduka, leta kibao, leta chochote kilichopakwa rangi hiyo. Yeye atachota rangi nyeupe, atadondoshea vikolezo vya rangi tone kwa tone, atakoroga, atapaka kidogo juu ya mfuniko wa kopo na kungoja ikauke, maana rangi mbichi huongopa. Kisha atatoka nao hadi mlangoni penye mwanga wa mchana, aubananishe na kipande chako ukingo kwa ukingo. Kama bado unaona pale vinapokutana, hakuna biashara, anarudi kwenye kigoda. Na ole wako umwambie, "Mama, we changanya tu, ni krimu ya kawaida."

"Krimu ya kawaida ndiyo ipi hiyo? Yako au ya mkeo? Kila mtu ana krimu yake kichwani, na mimi kichwani mwako siingii. Nenda kalete kipande."

Wateja walinuna, wakasonya, wakaondoka wakiapa kwamba hawarudi tena. Baada ya muda mfupi hao wanarudi, kipande mkononi, wapole kama maji ya mtungini. Misumari, aliyekuwa rafiki wa mumewe tangu ujana na kwa hiyo akawa shemeji yake wa utani, alikuwa akisema, "Shemeji, utanifilisi mimi. Siku moja atakuja mtu kununua kofuli, utamwambia alete kipande cha mwizi." Mama Rangi aliendelea kukoroga.

Basi mwanamke huyu huyu, aliyewafukuza nusu ya mji kwa kukosa kipande, alikuwa na rangi moja aliyoichanganya kwa kichwa. Rangi ya mlango wa nyumba yake.

Mumewe, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa kupaka nyumba za watu. Walipohamia kwenye nyumba yao ya vyumba viwili walikuwa hawana mbele wala nyuma. Fundi akakusanya mabaki kwenye makopo ya kazini, kidogo cha huku, kidogo cha kule, akayakoroga yote kwenye ndoo moja kwa kijiti, akapaka mlango wa mbele. Ikatoka rangi isiyo na jina. Si bluu, si kijani, si kitu. Mkewe alisimama uani ameshika kiuno.

"Hii nayo ni rangi gani?"

"Yetu," fundi akajibu. "Dukani hawana."

Akacheka mpaka akakaa chini, na mkewe akacheka kwa sababu yeye anacheka. Walikuwa vijana. Baadaye fundi aliugua kifua, akafa, akaacha mke, binti mdogo, na mlango. Jua lilikuwa likiupiga mlango ule tangu asubuhi mpaka adhuhuri, rangi ikapauka, na mjane alipoona inaanza kufanana na vumbi, akaona hapana. Akaenda kujifunza kuchanganya kwa Misumari. Ndiyo, ile kazi yake yote ilianzia hapo, kwenye kutaka kuurudishia mlango rangi yake. Kipande hakuwa nacho, maana mlango wenyewe ulikuwa umeshapauka na ndoo ya fundi ilishatupwa. Lakini alijiambia kwamba rangi ile anaijua hata akiwa usingizini. Akaichanganya, akapaka, akarudi nyuma akatazama, na moyo ukamtulia.

Tangu hapo kila mwaka, mvua zikiisha, alipaka upya. Akimaliza, husimama pale pale uani, brashi inamdondokea miguuni, na kumwambia binti yake, "Mwone. Baba yako huyo."

Miaka ikaenda. Binti akakua, akawa fundi cherehani, mashine yake akaiweka chumba cha mbele karibu na dirisha. Na ndiye aliyeanza kushtuka. Alimwambia mama ampe uzi wa zambarau, akapewa mweusi. Akadhani ni haraka. Siku nyingine akamkuta amesimama chini ya balbu akiitukana: "Taa za siku hizi hazina nguvu, wanatuuzia vioo vitupu." Binti akaitazama balbu, ilikuwa inawaka vizuri kabisa.

Dukani hakuna aliyegundua kitu, na si kwamba walikuwa wazembe. Fikiria mwenyewe: ukitazama vitu viwili kwa jicho moja lenye ukungu, vyote viwili vinachafuka sawasawa. Vikilingana, vinalingana. Kipande kilimlinda. Angeweza kuuza rangi mpaka anakufa, na kila mteja angesema jicho la Mama Rangi halijawahi kukosea.

Mama aliapa kwamba macho yake ni mazima, lakini binti hakumsikiliza, akamburura hadi kliniki ya macho. Daktari, mwanamke mpole mwenye mikono ya baridi, akammulika, akasema, "Mama, una mtoto wa jicho. Macho yote mawili."

"Mtoto ninaye mmoja tu," akajibu Mama Rangi, "na ndiye huyu aliyenileta hapa kwa nguvu."

Wakakubaliana waanze kupasua jicho moja, la kulia. La kushoto lingefuata likipona.

Siku ya kufunguliwa plasta ya jichoni, alikaa kitini amejikunyata, binti kamshika bega. Daktari akabandua taratibu, akasema, "Haya, fungua."

Akafungua. Jamani! Jambo la kwanza aliloliona lilikuwa ukuta, ukuta mtupu wa kliniki, na ukuta ule ulikuwa mweupe. Alikuwa ameuza weupe maisha yake yote, ameupima kwa ndoo na kwa kijiko, na sasa alikuwa anatazama ukuta kinywa wazi. Weupe ule ulikuwa na ubaridi ndani yake, safi kama maji. Kwenye kona palikuwa na ndoo ya plastiki ya kusafishia sakafu, ndoo ya bluu, na bluu ile ilimpiga mpaka akaogopa. Akatazama mkono wake. Akatazama kitambaa cha binti yake. "Mungu wangu," akasema. "Mungu wangu, kumbe vyote hivi vilikuwepo?" Machozi yakamtoka kwenye jicho jipya na la zamani, na daktari akamwambia pole pole, usilie, kidonda bado kibichi.

Kisha, kwa kuwa alikuwa yeye, akaanza kulinganisha. Akaziba jicho la kushoto: shuka jeupe. Akaziba la kulia: shuka lile lile, rangi ya chai. Akaziba hili, akaziba lile. Dunia mbili, na yeye anahama kutoka moja kwenda nyingine kwa kiganja cha mkono.

"Daktari. Lipi linasema kweli?"

"Kioo cha ndani ya jicho kinazeeka, kinashika unjano kidogo kidogo, hujui hata lini. Hilo jipya linakaribia zaidi."

"Linakaribia nini?"

"Wanavyoona wengine."

"Na hao wengine, nani kawapima kwamba wanaona sawa?"

"Hilo sijui, mama," daktari akasema, na hakuona haya. "Najua tu kwamba wanakubaliana."

Njia nzima ya kurudi Mama Rangi alikuwa kama mtu aliyeshushwa leo duniani. Alisimama mbele ya mti wa kawaida kabisa, wa kando ya barabara, uliojaa vumbi, akasema majani, tazama majani, mwanangu. Alisimama mbele ya nguo za watu zilizoanikwa. Binti alikuwa anacheka na kuona aibu, maana watu walianza kugeuka. "Mama, twende, watadhani tunataka kuiba shuka." Wakakata kona ya nyumba yao hivyo hivyo, wakicheka.

Ndipo akauona mlango.

Ulikuwa na rangi kali, bluu iliyokwiva mpaka ikawa zambarau, rangi ya kupigia kelele. Mlango wa baa. Akasimama. "Nani kaupaka mlango wangu?"

Binti akajidai kutafuta ufunguo mkobani.

"Nakuuliza wewe. Nani kaupaka mlango wangu?"

"Mama, ni wewe."

Akaziba jicho jipya. Kwa lile la zamani, mlango ulikuwa ni ule ule wake, umetulia, wa mumewe. Akazibua. Baa. Fundi wa kuchanganya haelezwi mambo haya mara mbili: kila mwaka kioo cha jicho kilikuwa kinashika unjano, kinamla bluu yake, na kila mwaka yeye, bila kujua, alikuwa anaongeza tone la bluu kuifidia. Mwaka hadi mwaka. Tone juu ya tone.

"Na wewe ulikuwa unaona?"

"Nilikuwa naona."

"Miaka yote hiyo umeniacha nijiaibishe mbele ya mtaa mzima, mwanangu wa kumzaa mwenyewe?"

"Ulikuwa unamaliza kupaka, unasimama hapo," binti akasema, "unatabasamu, unasema, baba yako huyo. Mama, mimi ningesemaje? Ningesema si yeye?"

Mama Rangi akaingia ndani, akajifungia chumbani. Chakula kiliwekwa mezani kikapoa.

Kitandani alijaribu jambo moja tu. Alifumba macho yote mawili, la zamani na jipya, akaitafuta rangi ya kwanza, ile iliyotoka kwenye ndoo. Aliamini iko kichwani. Akatafuta. Ikaja ile ya zambarau. Akaisukuma kando, ikaja ya mwaka uliotangulia, nayo ilikuwa vile vile. Hapo ndipo aliposhikwa na hofu ya kweli: kumbe kila alipopaka mlango, alikuwa amepaka na kumbukumbu yake humo humo, brashi moja. Rangi ya mumewe haikuwa mlangoni na haikuwa kichwani. Basi iko wapi? Na kama hata rangi aliyokuwa akiiona kila akirudi nyumbani ilikuwa ya kujitengenezea, je, kile kicheko? Ule uso? Vipi kama hata mtu mwenyewe anayemlilia amempaka yeye, koti la rangi juu ya koti? Alilia hapo kuliko alivyolia msibani.

Siku ya jicho la pili ilipokaribia, akamwambia binti yake kwamba haendi. "Hili halitolewi. Ndilo lililomwona baba yako. Mkilitoa, mnanitolea na yeye." Binti akabembeleza, akanyamaza, akabembeleza tena. Wapi! Mama Rangi akiamua, ameamua.

Dukani alianza kuchanganya rangi ya mlango upya. Alipaka mifuniko, akaipanga sakafuni, ikaanika kila aina ya bluu na kijani ambayo mtu anaweza kuiwaza. Anainua huu, anauweka. Anainua ule, anauweka. Wowote unaweza kuwa ndio. Hakuna unaokataa. Misumari aliruka mifuniko ile siku ya kwanza, akairuka na siku ya pili, na siku ya tatu akaikanyaga.

"Shemeji, duka limekuwa shamba la mifuniko. Unatafuta nini humu?"

Akamweleza. Alimweleza yote, hata lile la kitandani. Misumari akakaa juu ya mfuko wa saruji, akakuna kichwa. Hakuwa mtu wa maneno mazito, na alipofungua kinywa alisema lile analolisikia kila siku akiwa kaunta.

"Umeleta kipande?"

"Usinitanie leo."

"Sikutanii. Watu wazima unawarudisha nyumbani na makopo yao. Wewe ni nani? Kalete kipande."

"Kipande gani, na mlango nimeupaka mimi mwenyewe, mwaka baada ya..."

Akainuka kwenye kigoda akiwa bado ameshika kijiti cha kukorogea.

Walianza asubuhi iliyofuata, mama na binti, kwenye kona ya chini upande wa bawaba, pale ambapo fremu inatupa kivuli na jua halipafiki. Walikuwa na kikwangulio, msasa laini, na maji. Mama Rangi hakutaka dawa ya kubandulia, aliogopa itakula mpaka chini. Alisugua kwa kidole kimoja, kwa mviringo, akiongeza kina kuelekea katikati, na kingo za makoti zikaanza kujitokeza moja ndani ya nyingine, kama ukikata kitunguu.

Nje kabisa zambarau. Ndani yake bluu iliyokwiva. Ndani yake bluu isiyokwiva sana, halafu nyepesi, halafu nyepesi zaidi. Mama Rangi alikuwa anatazama jicho lake mwenyewe likirudi ujanani. Kila mwaka aliosimama uani akatabasamu ulikuwa pale, mkanda mwembamba kama uzi, na kila mwaka alikuwa na hakika. Akapitisha ukucha juu yake. "Tazama nilivyokuwa nadanganyika," akasema, lakini hakusema kwa uchungu, alisema kwa mshangao. "Tazama, kidogo kidogo. Malaika asingejua."

Msasa ukafika kwenye koti la mwisho kabla ya mbao.

Si bluu, si kijani. Rangi ya ganda la yai la bata, imefifia, imepoa, haifanani na chochote alichokuwa amekiwaza, wala na mfuniko hata mmoja kati ya ile iliyojaa dukani. Akaziba jicho la kulia, akaziba la kushoto. Hakuna jicho lililoikumbuka. Binti alikuwa amepiga magoti pembeni, akipuliza vumbi.

"Mama, kuna kitu hapa. Kama mkwaruzo."

Mama Rangi akainama mpaka pua ikakaribia mbao. Haukuwa mkwaruzo. Ulikuwa unywele wa brashi, mweusi, mfupi, umenasa ndani ya rangi ya chini na kukaukia humo. Akabaki ameinama. Ile brashi! Brashi ya bei ya chini, iliyokuwa inanyonyoka kama mbwa mgonjwa, na fundi akitukana akizichomoa nywele kwa kucha, na yeye akimwambia, acha mmoja ubaki, mlango utaota ndevu. Ndicho walichokuwa wakikicheka siku ile. Alikuwa amekisahau. Tangu msiba hakikumjia hata mara moja.

Akakaa chini, kwenye vumbi la rangi, mikono kichwani.

"Mwanangu, mimi huu unywele sikuwa nao. Unanielewa? Haukuwa kichwani mwangu. Kitu nilichokisahau siwezi kuwa nimekitunga." Akanyoosha kidole lakini hakugusa. "Ulikuwa hapa. Nilipokuwa nakwenda sokoni ulikuwa hapa. Nilipokuwa nimelala. Gizani, chini ya ujinga wangu wote huu, hakuna mtu anayeutazama, wala mimi, wala wewe, wala nani. Na ulikuwa hapa tu."

Binti akamkumbatia, wakalia pamoja mlangoni, wapita njia wakadhani kuna msiba.

Hakuharakisha. Rangi ya mafuta ikifunikwa muda mrefu hushika unjano kwa kukosa mwanga, hilo alilijua vizuri, na alijua pia kwamba ukiiacha wazi hurudi. Akaiacha. Ikakaa kama juma hivi, na kila asubuhi alikwenda kuichungulia na kuikuta imetakata kidogo zaidi, bila kuguswa na mtu. Ilikuwa inarudi yenyewe. Alisimama mbele yake na chai mkononi, kama mtu aliye mbele ya mgeni mkubwa.

Ilipotulia, akachanganya. Akaleta kopo nyumbani, akapaka mfuniko, akangoja ukauke, akaubananisha na kipande. Bado. Tone la kijani. Bado. Tone jingine. Misumari alikuja kushuhudia, akajidai kusimamia kazi.

"Mtasema wenyewe ikifika," Mama Rangi akawaambia. "Kila mtu kwa jicho lake. Wewe unaionaje, mwanangu?"

"Kama ganda la yai."

"Mimi naiona kama suruali niliyoolea," akasema Misumari.

"Basi kila mtu abaki na yake. Nitakachouliza ni kimoja: mpaka kati ya mfuniko na mlango umepotea?"

Akadondosha, akakoroga, akapaka, wakangoja. Akabananisha. "Sasa!" binti akasema, na Misumari akasema "Hapo!" kabla neno la binti halijaisha. Mama Rangi kwa jicho jipya hakuona tena mfuniko unapoishia na mlango unapoanzia. Akaziba jicho jipya. Kwa lile la zamani rangi ilikuwa nyingine kabisa, ya matope, ya ukungu. Lakini mfuniko na mlango vilikuwa matope yale yale, na mpaka haukuwepo.

"Hata hili bovu limekubali," akasema kwa sauti ndogo.

Kisha akashusha mkono, akamgeukia binti yake. "Ile siku ya kliniki, ya jicho la kushoto. Kaulize kama bado wanatupokea."

"Mama, si ulisema ndilo lililomwona baba?"

"Lilimwona. Halikumshika." Akachovya brashi. "Baba yako hakuwa humu jichoni."

Akaanza kupaka kutoka juu, mivuto mirefu ya brashi iliyonyooka. Zambarau ikazama, bluu zote zikazama. Kufikia alasiri mlango ulikuwa umeisha kupakwa, na Misumari, ambaye hajawahi kuiacha kazi ya mtu bila kuikosoa, akauzunguka akitikisa kichwa, akainama upande wa bawaba.

"Shemeji, umeruka hapa chini. Kuna mahali pakavu umesahau."

"Sijasahau," akasema Mama Rangi, akifuta brashi kwenye aproni. "Hapo pameshapakwa."